Tansio isiyoshuka: wagonjwa wa Goma waulizwe pia namna wanavyolala

Mgonjwa anafika kwenye kituo cha afya cha Ndosho au Katoyi, anapimwa tansio, inakutwa 170 juu ya 100. Anaandikiwa dawa. Mwezi unaofuata anarudi, imebaki 165. Anaongezewa dawa ya pili, kisha ya tatu, na maswali ni yaleyale: chumvi unakula nyingi? Dawa unameza kila siku? Una mawazo? Katika mji uliopita mambo ambayo Goma imepita tangu Januari 2025, swali la mawazo lina jibu kabla halijaulizwa. Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: «Papa, usiku unakoroma?»

Nyumbani, kukoroma ni jambo la kuchekesha. Watoto wanaiga sauti ya baba yao, na jirani anasema mzee ameshiba, analala kweli. Mara nyingi ni mkoromo tu, hauna neno. Lakini kuna mkoromo unaokatika ghafla. Kimya kinadumu sekunde 10, 20, pengine zaidi ya 30, halafu mtu anashtuka kama aliyekuwa anazama ziwani, anavuta pumzi kwa nguvu, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki lolote. Anajua tu kwamba kichwa kinauma na mwili umechoka kama hakulala.

Madaktari wanaiita hali hiyo apinea ya usingizi. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, huku kifua kinaendelea kuhangaika kuvuta. Oksijeni inashuka katika damu. Ubongo unauamsha mwili kwa lazima: homoni za mshtuko zinamwagika, mishipa inabana, moyo unakimbia. Hali hiyo ikitokea mara 30 kwa saa, ambacho ndicho kipimo cha ugonjwa mkali, mtu anayelala saa saba ameshtuliwa zaidi ya mara 200 kabla ya kupambazuka. Kwa kawaida tansio hushuka usiku ili moyo upumue kidogo. Kwa mgonjwa huyu, mara nyingi haishuki.

Miaka ikipita, hapo ndipo zinapotokea tansio isiyotii dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, moyo unaoshindwa kusukuma damu, na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Moyo la Marekani liliandika kwamba kati ya wagonjwa wa tansio, wa moyo na wa kiharusi, wenye apinea ni asilimia 40 hadi 80, na wengi wao hawajulikani. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Hakuna sababu ya kuamini kwamba ugonjwa huo unaishia kwenye mpaka wa Kongo.

Tatizo la Goma ni kwamba uchovu una maelezo mengine tayari. Mtu akisinzia mchana, ni vita. Akiamka usiku moyo ukimpiga, ni hofu ya risasi. Mara nyingi ni kweli, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mwenye apinea naye anaingia katika hesabu hiyo hiyo, anakwenda kwenye farmasi, anaomba «kitu cha kunilalisha». Akipewa diazepam bila kuulizwa chochote, koo linalegea zaidi na ubongo unachelewa kumwamsha pumzi inapokatika. Bia ya usiku nayo inalegeza koo vilevile. Hatari hii iko kwenye kaunta za mji leo, na kuipunguza hakuhitaji mfadhili.

Dawa inayojulikana zaidi ni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, iliyoelezwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, mwaka 1981. Ni mamia ya dola, na inataka umeme usiku kucha. Kwa familia ambayo akiba yake ilifungiwa benki, katika mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa, hilo ni jambo la kusikia redioni. Tena hata mashine yenyewe isitukuzwe kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 uliofuata wagonjwa zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo haukuona kwamba iliwapunguzia mishtuko ya moyo wala viharusi. Ni kweli waliivaa wastani wa saa tatu na kidogo tu kwa usiku. Usingizi wa mchana ulipungua na furaha ikaongezeka, jambo ambalo si dogo kwa dereva wa lori au motari. Ila kukosa mashine si sababu ya kukaa kimya.

Zoni za afya za Goma na Karisimbi zinaweza kuanza na mstari mmoja kwenye fishi ya kila mgonjwa wa tansio. Tangu mwaka 2008 kuna orodha ya maswali nane, iliyotengenezwa Toronto, Kanada: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonwa pumzi ikikatika, tansio, unene, umri wa kupita miaka 50, shingo ya kupita sentimita 40, na kuwa mwanaume. Shingo inapimwa kwa mita ya mshonaji. Swali la pumzi aulizwe mke, kwa sababu mwenye kulala si shahidi. Wanawake nao wasisahauliwe, hasa waliokwisha koma hedhi: wengi hawalalamikii mkoromo, wanalalamikia uchovu, na wanarudishwa nyumbani na vitamini.

Atakayepata «ndiyo» tano au zaidi aendelee na dawa zake za tansio, alale ubavu, aache pombe ya usiku na asipewe dawa za usingizi ovyo. Kilo nazo zinahesabika: watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliona mwaka 2000 kwamba kupunguza uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa vipindi vya pumzi kukatika kwa takriban asilimia 26. Na pale hospitalini penye kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kilichozoeleka wakati wa Covid-19, muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kumvisha mgonjwa aliyelazwa na kuandika namba anazoziona pumzi inapokatika.

Orodha hiyo ya maswali, kwa asili yake, ilikuwa ya watu wanaosubiri upasuaji, kwa kuwa dawa za kulaza na za maumivu zinaweza kufunga koo la mwenye apinea baada ya kisu. Vyumba vya upasuaji vya Goma, vilivyopokea majeruhi wengi wa risasi na mabomu, vina haja nayo hata kabla ya vituo vya tansio. Maswali nane yanachukua dakika mbili, na ndugu aliyemleta mgonjwa yuko pale pale mlangoni.