UCHAMBUZI: Habari za tamasha zinapogeuka matangazo ya mdhamini

MTAA wa Migosi mjini Kisumu hauhitaji gazeti kuujulisha kwamba tamasha la muziki linakaribia. Siku kadhaa kabla, lori lililopambwa kwa rangi za kampuni fulani hupita polepole kutoka upande wa Kondele, vipaza sauti vikinguruma na vijana wa mauzo wakigawa fulana na kofia. Jumamosi usiku, midundo huwafikia hata waliokwisha kulala. Jumatatu, mkazi yuleyule aliyekosa usingizi hufungua ukurasa wa burudani na kusoma kwamba shughuli ilifana ajabu, umati ulifurika pomoni, na meneja wa mauzo wa kampuni hiyo alifurahi kuwashukuru wateja wake waaminifu.

Je, alichokisoma ni habari au ni tangazo lililovishwa joho la habari?

Swali hili si jipya. Tangu katikati ya miaka ya 2000, makampuni makubwa nchini yamekuwa yakijinasibisha na muziki kiasi kwamba jina la bidhaa na jina la shughuli ni kitu kimoja. Shindano la Tusker Project Fame lilianza mwaka 2006 na kumtoa Valerie Kimani, kisha mwaka 2012 likamtoa Ruth Matete. Oktoba 2009, tuzo za muziki za MTV kwa Afrika zilifanyika Kasarani, Nairobi, zikibeba jina la kampuni ya simu ya Zain. Mwaka 2014 Safaricom ilianzisha tamasha lake la jazz.

Hapa ndipo mtihani wa kwanza ulipo. Mwandishi hawezi kusimulia ushindi wa Kimani bila kutaja bia. Ushindi huo ulikuwa habari kamili, na kumtuhumu kila aliyeuripoti kwamba alikuwa mpiga debe wa kiwanda ni kumwonea. Kwa hivyo msomaji anayehesabu tu mara ambazo jina la mdhamini limetajwa atapotea njia. Kuna makala yanayolitaja mara kumi na bado ni ya haki, na yapo yanayolitaja mara moja tu, lakini kila sentensi yake imetoka katika ofisi ya uhusiano mwema.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kutazama nani amepewa nafasi ya kusema. Iwapo anayenukuliwa ni meneja wa mauzo, kisha mwandalizi aliyeajiriwa na meneja huyo, kisha shabiki mmoja asiye na la kusema ila kusifu, basi habari hiyo ina msemaji mmoja mwenye vinywa vitatu. Mwanamuziki mwenyewe hutokea kama jina tu katika orodha. Jirani aliyekesha hatokei kabisa.

Kipimo cha pili ni lugha. Magazeti mawili yanayoshindana yakiandika sentensi moja kwa maneno yaleyale, hakuna haja ya kuuliza ilikotoka. Halafu kuna neno "maelfu". Nani aliyehesabu? Mwandalizi anajua idadi ya tiketi alizouza, na polisi wa zamu wana makadirio yao. Mwandishi asiyeuliza hata mmoja wao amekopa hesabu ya mwenye kuuza.

Hata hivyo, upendeleo ulio mkubwa zaidi haumo katika sifa. Umo katika kalenda. Tamasha lenye mdhamini huandikwa wiki tatu kabla, wiki mbili kabla, na siku moja kabla: nani anakuja, amefikia hoteli gani, kiingilio ni kiasi gani. Likishapita, huandikwa mara moja kwa picha nyingi na maneno machache, kisha kimya. Ilhali maswali yenye uzito huanza jukwaa linapobomolewa. Wasanii walilipwa? Nani alizoa taka? Waliolipia viti vya mbele walivipata? Malango yalitosha?

Hilo la malango si la mzaha. Desemba 2023, msichana mmoja alifariki kutokana na mkanyagano katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, mwanamuziki Asake wa Nigeria alipokuja kutumbuiza. Miaka miwili kabla, Novemba 2021, watu 10 walipoteza maisha yao baada ya msongamano katika tamasha la Astroworld mjini Houston, Marekani. Idadi ya malango, ya walinzi na ya magari ya wagonjwa ni mambo ambayo taarifa ya mdhamini kwa kawaida haiyataji, na mwandishi anayeinakili taarifa hiyo huurithi upungufu wake. Kisumu sasa ina uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, si mbali na Migosi, uliotumika kwa sherehe za Madaraka Dei mwaka 2021. Kadiri mikusanyiko inavyokuwa mikubwa, ndivyo maswali haya yanavyozidi kuwahusu wakazi.

Kinaya ni kwamba eneo la ziwa lina utamaduni wake wa zamani wa sifa zinazolipiwa, tena ulio na uaminifu kuliko kurasa nyingi za burudani. Katika kumbi za benga na ohangla, mteja humwendea mwanamuziki na noti mkononi, ala zikapunguzwa sauti, naye akajisifu au akasifiwa yeye, ukoo wake na marafiki zake. Waluo huuita mtindo huo pakruok. Hakuna anayedanganyika ukumbini, kwa sababu pesa zimetolewa hadharani na kila aliyeketi anajua sifa zile zimenunuliwa. Sifa za gazetini nazo hulipiwa, ila noti haionekani.

Noti hiyo huchukua sura nyingi, na si lazima iwe bahasha. Mara nyingine mwandishi husafirishwa kwa gari la kampuni na kulazwa katika hoteli iliyolipiwa na kampuni. Mara nyingine shirika lake la habari limejitangaza kuwa mshirika rasmi wa tamasha, hivyo akiliponda anamponda mwajiri wake. Aghalabu hakuna anayemwambia lolote. Anajua tu kwamba mdhamini yuleyule hununua kurasa nzima za matangazo, nazo ndizo hulipa mishahara. Mwandishi wa kujitegemea aliye mashinani, ambaye hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, hana ubavu wa kukataa taarifa iliyokwisha andikwa tayari. Kumlaumu yeye pekee na kumwacha mhariri wake ni kumkamata dagaa na kumwachia mbuta.

Kanuni zilikuwepo. Maadili ya uanahabari yaliyoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 yaliwataka wanahabari kupinga ushawishi kutoka nje, na yakawataja wenye matangazo waziwazi miongoni mwa wanaopaswa kupingwa. Lakini kanuni hizo zilisomwa zaidi na wanaofuatilia siasa. Dawati la burudani lilionekana kama mahali pa mchezo.

Huko ndiko kujidanganya, hasa Kisumu. Bia ya Senator, iliyozinduliwa na kampuni ya East African Breweries mwaka 2004 kwa ajili ya wenye kipato cha chini, imekuwa suala la kodi na kilimo kwa miaka mingi. (Kampeni za urais za Marekani mwaka 2008 zilipopamba moto, vyombo vya habari vya ng'ambo vilisimulia jinsi wanywaji wa Kenya walivyoibandika jina la Obama, hakuna kampuni ambayo ingeweza kununua tangazo la namna hiyo.) Mwaka 2013 serikali ilipunguza msamaha wa ushuru wa bia hiyo hadi asilimia 50, mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakalia. Mwaka 2015 msamaha ukarejeshwa hadi asilimia 90. Kisha mwaka 2017 ukaanzishwa mradi wa Sh15 bilioni wa kufufua kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa muda mrefu.

Huenda kila mojawapo ya hatua hizo ilikuwa na faida zake. Wapo wakulima wa eneo la ziwa waliopata soko la mtama. Lakini msomaji anahitaji gazeti linaloweza kuuliza kodi iliyosamehewa ni kiasi gani na nani ananufaika, na ni vigumu kuuliza hivyo Jumanne ikiwa Jumatatu gazeti hilohilo lilikuwa likishangilia jukwaani pamoja na anayepaswa kuulizwa.

Aidha kuna suala la umri. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliwafungia mlango watengenezaji wa sigara waliotaka kudhamini burudani. Pombe ilibakishiwa nafasi, ingawa kwa masharti: chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18 wala kunadiwa kwake, na chupa hubeba onyo la kiafya. Matangazo ya bia nayo hubeba onyo. Habari haibebi. Mvulana wa miaka 16 pale Migosi hataruhusiwa kupita lango la tamasha la bia, wala hatauziwa chupa katika baa iliyo jirani na kwao. Jumatatu asubuhi ataliokota gazeti kwenye meza ya babake na kusoma ukurasa mzima kuhusu jinsi usiku ule ulivyokuwa mtamu, chupa ikiwa mbele kabisa katika picha, bila hata mstari mmoja wa onyo.