*TAMKO LA TAWI: MTOTO ASIACHE FIZIKIA MZAZI HAJUI*



Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Mkula tunaulizana: "Kapata division ngapi?" Tawi linaona swali hilo halitoshi. Vyuo vya afya vinaangalia masomo.

Kwa mwongozo wa NACTVET, anayeomba diploma ya tabibu au ya uuguzi awe na ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne, ya dini hayahesabiwi. Kati ya hayo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia (au Sayansi ya Uhandisi). Akiwa amefaulu Hisabati na Kiingereza, anaongeza nafasi yake.

Maana yake kijana wa division four mwenye D hizo anaruhusiwa kuomba. Wa division three aliyeacha Fizikia haruhusiwi. Kuomba si kuchaguliwa, nafasi zinagombewa. Lakini aliyekosa somo hata kugombea hawezi.

Kosa linaanzia kidato cha tatu, watoto wanapochagua masomo. Fizikia inaachwa, pengine kwa sababu mwalimu wa somo hayupo, na mzazi hana habari. Miaka miwili baadaye anauza ng'ombe ampeleke mtoto chuo, anaambiwa hana sifa.

Wapo wanaotaka vyuo vishushe masharti. *Hatukubaliani nao.* Atakayetupimia dozi wodini lazima awe anajua sayansi. Haki tunayodai ni mtoto wa shule ya kata apate mwalimu na maabara, ndipo apimwe kwa kipimo kimoja na mtoto wa mjini.

Kwa hiyo:

1. Mzazi mwenye mtoto kidato cha pili aende shuleni *kabla* ya uchaguzi wa masomo, aulize mtoto anaacha nini na kwa nini.

2. Aliyemaliza bila Fizikia asikate tamaa. Anaweza kurudi kufanya somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aulize mapema kituo chenye maabara.

3. Tawi litamwomba diwani wetu apeleke hoja ya walimu wa Fizikia na Hisabati kwenye baraza la madiwani Busega. Kila mwenye mtoto ambaye darasa lake halina mwalimu wa masomo hayo alete taarifa kwa katibu wa tawi.

Tuma ujumbe huu kwa wazazi wote, wenye kadi na wasio na kadi.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Mkula*