Mtoto na Abuni Gari Lake



Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, alimkuta mwanafunzi akikunja lori kwa ukurasa wa daftari kuukuu. Akaitwaa ile karatasi, akaipasua mbele ya darasa, akasema shule si mahali pa michezo. Nilikuwapo, nami nikanyamaza. Nilikosa, na kosa hilo ndilo linalonishurutisha kuandika.

Watu hutoa hoja tatu kuipinga kazi hii. Nitazijibu moja moja.

Ya kwanza, husema ni upuuzi wa watoto. Je, wanamjua Akira Yoshizawa wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1911? Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na huko aliwafundisha vijana hesabu za maumbo kwa kukunja karatasi. Kisha akaiacha kazi ile, akavumilia umaskini miaka mingi, akabuni maumbo maelfu. Na mwaka 1983 nchi yake ilimheshimu kwa nishani. Kabla yake, Mjerumani Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji, aliuweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa kazi za watoto wadogo katika shule aliyoianzisha mwaka 1837. Tena chombo kilichorushwa angani na Wajapani mwaka 1995 kilichukua bamba lililokunjwa kwa namna aliyoibuni Koryo Miura. Huo nao ni upuuzi?

Ya pili, husema karatasi hupotea. Hatuombi karatasi mpya. Ukurasa ulioandikwa pande zote mbili watosha, na gazeti la juzi lafaa pia.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo husemwa na waalimu hasa: vielelezo vimekwisha kuchorwa na wenye ujuzi, mtoto na avifuate tu, asijisumbue kubuni. Hapa ndipo nisipokubali hata kidogo.

Mtazame mtoto huyo huyo akiwa nyumbani. Huokota waya na vizibo, akaunda motokaa yenye usukani unaogeuza magurudumu. Nani alimchorea? Hakuna. Alisimama kando ya barabara, akatazama, akakumbuka. Akija kwetu shuleni, twamwambia, "Fuata mstari huu." Mwisho wa miaka saba hajui ila kufuata, nasi twalalamika ya kwamba vijana hawana akili ya kuanzisha jambo. Twamlaumu nani?

Fikirini ilivyo kazi kubwa kubuni gari la karatasi. Sharti lake ni karatasi moja, bila mkasi, bila gundi. Karatasi ya mraba ina pembe nne. Ndege ana kichwa, mkia na mabawa mawili, basi kila kiungo chapata pembe yake. Lakini lori lina magurudumu manne, tena kichwa, tena sanduku la mizigo, pembe hazitoshi. Mbuni hana budi kuigawa karatasi katika miraba midogo iliyo sawasawa, mathalani 16 kwa 16, kisha aamue ipi iwe gurudumu na ipi ifichwe ndani. Akitaka magurudumu meusi na bodi nyeupe, hupaka upande mmoja rangi, akapanga mahali pa kuupindua utokeze. Gurudumu likiwa fupi, hufungua, akahesabu tena. Kwa njia hiyo, katika miaka ya 1960, Mswisi Emmanuel Mooser alikunja gari la moshi, kichwa na mabehewa yake, kwa karatasi moja isiyokatwa.

Zaidi ya hayo, mbuni hukutana na sheria asizozitunga yeye. Kunja karatasi katikati, ukunje tena kwa kuvuka, kisha uifungue. Katikati hukutana mistari minne: mitatu imeinama upande mmoja, mmoja upande wa pili. Tofauti ni miwili. Na ndivyo ilivyo katika kila makutano ya mikunjo iliyolazwa bapa, kwa mtoto na kwa mtaalamu. Mtoto akiligundua hilo kwa vidole vyake, hatalisahau kama ayasahauvyo ya ubaoni.

Sisemi kuiga ni dhambi. Mwimbaji huanza kwa nyimbo za wengine. Na mtoto aanze kwa mashua na kofia. Lakini afundishwe pia ya kwamba kielelezo kina mwenyewe: akikunja kazi ya mtu amtaje, wala asijisifu kwayo. Na atakayeionja taabu ya kubuni ndiye atakayeiheshimu kazi ya mwenzake.

Sisi tuliobatizwa twasoma habari za Bezaleli, jinsi Mungu alivyomjaza roho yake apate kubuni kazi za ustadi. Twasoma na habari za mtumishi aliyeifukia talanta yake, na hukumu aliyoipata. Yule aliifukia iliyo mikononi mwake mwenyewe. Sisi waalimu twazifukia za watoto wa watu.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Waalimu wenzangu, mkimkuta mtoto akikunja lori lisilofanana na lori, msilipasue. Mwulizeni, "Magurudumu utayatoa wapi?" Kisha mngojeeni ajibu.