Hujapata A? Usimkimbilie Ajenti



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, mji wetu hugawanyika. Kuna nyumba zenye vifijo na halua, na kuna nyumba ambazo simu imezimwa ili shangazi asipige kuuliza. Leo nazungumza na wewe wa nyumba ya pili. Hasa wewe uliyeitwa "daktari" na nyanya yako tangu ungali darasa la tano, na sasa umeshika B-, au C+, au C tupu, na hujui uanzie wapi.

Kwanza tazama hesabu, maana huku mitaani watu hupenda kuzungumza kana kwamba kila mtoto wa watu alipata A isipokuwa wewe. Mtihani wa 2024 ulifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000 nchi nzima. Waliopata A ni 1,693. Waliofika C+ na kuendelea ni 246,391, yaani kama robo tu. Robo tatu hawakufika alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Sisemi haya kukubembeleza. Nasema ili ujue kwamba hapo ulipo kuna watu wengi, na penye watu wengi lazima kuna njia zilizokwisha pitwa.

Sasa huo udaktari. C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu, lakini si mlango wa udaktari. Nafasi za udaktari ambazo KUCCPS hugawa ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hivyo huishia kwa wenye A na A-. Tena hawatazami gredi ya jumla peke yake. Wanatazama Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Mtu anaweza kuwa na B safi iliyobebwa na IRE, Biashara na Jiografia, huku Kemia imelala na D. Huyo kwenye udaktari hana chake, hata kama nyumbani wameshachinja mbuzi. Basi kabla hujalia, chukua karatasi, andika hayo masomo manne na alama zake. Hapo ndipo utajua ugonjwa wako uko wapi.

Kama ugonjwa ni somo moja au mawili na kichwa chako bado kiko kwenye vitabu, kurudia mtihani si aibu. Unaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, na KNEC huweka tarehe ya mwisho ya usajili ambayo haingojei mtu. Lakini jiulize kwa ukweli: ulianguka Kemia kwa sababu hukusoma, au kwa sababu shule yako haikuwa na maabara ya maana na mwalimu alionekana mara mbili kwa muhula? Kama ni la pili, ukirudi shule ileile utapata kilekile. Tafuta mwalimu, tafuta maabara, ndipo ulipe ada ya mtihani.

Njia ninayotaka tukae nayo zaidi ni ile ambayo wengi wetu tunaidharau. Diploma ya Tiba ya Kliniki na Upasuaji, yaani kuwa klinikal ofisa.

Ukienda hospitali ya serikali na mtoto ana homa usiku wa manane, yule anayekupokea, akamgusa tumbo, akaandika dawa, mara nyingi ni klinikal ofisa. Wewe umemwita "daktari" na akaitikia. KMTC imekuwa ikifunza wahudumu wa afya tangu 1927, na leo ina kampasi zaidi ya 70. Hapa kwetu iko Mombasa kisiwani, iko Port Reitz, na ukitoka nje kidogo iko Kilifi, Msambweni, mpaka Lamu. Wastani unaotakiwa kwa diploma hii ni C tupu, pamoja na C ya Baiolojia na ya lugha, na Kemia pia itaangaliwa. Uuguzi wa diploma nao ni C. Masomo ni miaka 3, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Kuna sheria yao ya mwaka 2017 na baraza lao linalowapa leseni.

Na haiishii hapo, ingawa baraza la vijana hapo Kibokoni litakuambia inaishia hapo. Klinikal ofisa anaweza kusoma diploma ya juu akabobea: magonjwa ya watoto, macho, usingizi wa upasuaji, afya ya uzazi. Wako walioruhusiwa kutoa mtoto wa jicho, wako wanaopasua mama mjamzito aliyekwama. Ukitaka digrii, vyuo kama Egerton na JKUAT vina digrii ya tiba ya kliniki. Na wako wanaotoka diploma wakaomba udaktari wenyewe. Vyuo vingine humkubali mwenye diploma aliyefaulu vizuri, lakini jihadhari hapa: bado watakuuliza alama zako za KCSE. Diploma haifuti Kemia yako ya zamani. Kwa hivyo anayetaka kupita njia hiyo afanye mambo mawili pamoja, asome diploma kwa bidii na ajue mapema chuo anachokitaka kinadai nini, kwa maandishi, si kwa kusikia.

Njia hii ni ndefu, sikufichi. Udaktari peke yake ni miaka 6, halafu mwaka wa uanagenzi. Ukiongeza diploma mbele yake utafika ukiwa na mvi mbili tatu. Lakini katika miaka hiyo utakuwa kazini unatibu watu, hutakuwa umekaa Ndia Kuu unangoja bahati.

Dada zangu, nyinyi nawasemesha mbali kidogo. Kila siku twasikia mama zetu wanachelewa kwenda kliniki kwa sababu hawataki kuangaliwa na mwanamume. Twalalamika barazani, twalalamika kwenye mihadhara. Halafu msichana wa nyumba hiyohiyo akipata C na kusema ataka kwenda KMTC kusomea uuguzi au ukunga, anaambiwa, "Ah, nasi mesi tu?" Mesi tu! Huyo ndiye atakayempokea mtoto wako, na huyo ndiye mama yako atakayekubali kumvulia buibui.

Sasa nifike kwa mabwana hawa wa vipeperushi.

Matokeo yakitoka tu, ajenti nao hutoka. Wana ofisi ya meza moja, bango la rangi, picha ya mzungu aliyevaa stethoskopu. "Udaktari ng'ambo, gredi yoyote twachukua." Mzazi anauza kiwanja Likoni, anauza dhahabu ya harusi, kijana anapandishwa ndege. Kwenye ofisi yetu wamekuja wazazi na risiti ambazo hazina hata nambari ya simu inayoingia.

Sisemi kusoma nje ni vibaya. Watu wetu wamesoma nje tangu zama. Iko Uganda, ambako Islamic University ina shule yake ya udaktari, Habib Medical School, Kampala. Wengi walikwenda Khartoum, kwenye International University of Africa, wakapata elimu nzuri. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza Sudan, na wanafunzi wa Kenya wakaondolewa mbio, wengine wakiwa wamebakisha muda mfupi kumaliza. Hilo halikuwa kosa la yeyote kati yao. Lakini latufunza kwamba swali la kwanza si "ada ni ngapi," ni "nikikwama, nitahamisha masomo yangu wapi?"

Swali la pili ni kubwa zaidi. Anayekupa ruhusa ya kutibu Kenya si chuo kilichokupa digrii, ni KMPDC, baraza la madaktari. Aliyesomea nje hukutana na mtihani wa baraza kabla ya kuanza uanagenzi hapa nyumbani. Ajenti hakutajii hilo. Basi kabla hujalipa hata shilingi, nenda kwa KMPDC na jina la chuo na nakala ya matokeo yako, uulize: chuo hiki mnakitambua? Mimi na gredi hizi mtanisajili? Ngoja jibu la maandishi. Ajenti akikuharakisha eti nafasi inaisha Ijumaa, mwache iishe.

Wala usidhani ukishakuwa daktari pesa zinakungoja mlangoni. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, mpaka Mei 8. Moja ya mambo waliyoteta ni malipo ya wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Anayekwenda kwa ajili ya mshahara na gari ajue hayo kabla.

Ada nayo. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na najua wengi wenu hapo ndipo mnaposimama. Kila mtu amwulize sheikh wake, mimi si mufti. Lakini kabla ya kufika huko kuna basari ya kaunti na ya NG-CDF, Mvita na kwengineko, na fomu zake huwafaidi wanaozijua mapema. Twaziachia mpaka wiki ya mwisho kisha twasema tumebaguliwa. Kubaguliwa kupo, siku nyingine tutakuandikia, ila fomu iliyobaki kwenye droo haihesabiki humo.

Kitambulisho ndicho kinachoangusha wengi. Huna kitambulisho, huna HELB. Vijana wetu wengi wamesumbuliwa kwa msasa wa ziada, waulizwe babu wa babu alizaliwa wapi. Februari 2025 Rais alitia saini Wajir kufuta msasa huo kwa kaunti za mipakani. Ukifika ofisini hapa Mombasa ukaulizwa karatasi ambazo jirani yako wa bara haulizwi, andika tarehe, andika ulichoambiwa, utuletee. Hilo twalifuatilia.

Na ukipita Tudor, tazama lile geti la Technical University of Mombasa. Chuo kile kilianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, kilichoasisiwa mwaka 1948 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Leo kinafunza maabara ya tiba, miongoni mwa mengine. Ni mwendo wa matatu moja kutoka Mji wa Kale, na wako vijana wa Kuze ambao hawajawahi kuingia ndani kuuliza kozi.

Wiki hii fanya hivi: ile karatasi ya masomo manne, iandike. Ingia kwenye tovuti ya KUCCPS utazame tarehe za maombi ya KMTC. Kama kuna ajenti ameshakushika mkono, tutumie jina la chuo kwa ujumbe wa ndani kabla ya kulipa, tutakusaidia kuandika barua kwa KMPDC. Ofisi iko wazi Jumatatu mpaka Alhamisi, baada ya dhuhuri. Njoo na mzazi.