Kadi kwa kadi: wito kwa Butembo na Beni

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, pamoja nanyi wa Oicha, Mangina, Kyondo, Musienene na Lubero, nina ombi dogo. Kila mmoja wenu akate kipande cha kartoni chenye ukubwa wa karata ya kuchezea. Juu yake achore, abandike au ashone kitu anachokijua vizuri. Nyuma aandike jina lake, mji wake na tarehe. Kisha amtafute mtu mwingine aliyetengeneza kadi yake mwenyewe, wabadilishane mkono kwa mkono, bila hata franka moja kupita kati yao.

Ombi lote ni hilo. Yanayofuata ni sababu zake na namna ya kulitekeleza.

Kadi hizi hazina historia ndefu. Mwaka 1996, mjini Zurich, Uswisi, msanii M. Vänçi Stirnemann alianza kutengeneza kadi 1,200 kwa mkono. Mwaka 1997 alizionyesha katika duka lake la vitabu vya mitumba, na siku ya kufunga maonyesho akawaalika watu waje na kadi walizotengeneza wao, wabadilishane naye na wabadilishane wao kwa wao. Mwaka huohuo Don Mabie, msanii wa Calgary, Kanada, alianzisha mikutano ya namna hiyo kwao, na desturi ikaendelea kusambaa nchi baada ya nchi. Masharti yamebaki machache. Kadi iwe na milimita 64 kwa 89, kipimo cha zile kadi za picha za wanamichezo ambazo watoto wa Marekani hukusanya. Itengenezwe na mtu mwenyewe. Nyuma iwe na jina na tarehe. Tena isiuzwe kamwe.

Hilo sharti la mwisho ndilo lililonifanya niwaandikie. Butembo ni mji wa biashara. Wafanyabiashara wake wamefika Dubai na Guangzhou kutafuta mali, na Beni inaamka ikiulizana bei ya kakao. Tunajua kupima, kukopesha, na kupatana bei mpaka kwenye matabishi. Sifa hiyo ni yetu na siombi tuiache. Lakini palipo na bei, asiye na fedha hubaki mlangoni. Kwenye meza ya kadi, mtoto wa mwenye duka la jumla na mtoto aliyewasili juzi akikimbia vita hufika na kitu cha thamani ileile, yaani kadi moja. Ni likirimba ambayo mchango wake ni kazi ya mkono, na kila mwanachama hupata zamu yake siku hiyohiyo.

Sababu nyingine inatoka katika historia ya sanaa ya nchi yetu. Mwaka 1926, huko Bukama, Katanga, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye Georges Thiry aliona michoro kwenye kuta za nyumba za kijiji. Akampa mchoraji Albert Lubaki karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wa Lubaki, naye akachora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa Brussels, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa Geneva. Maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Paris mwaka 2015 yalianza hesabu yake mwaka huohuo wa 1926. Ni heshima kwa wachoraji hao, lakini karatasi zao nyingi zimehifadhiwa Ulaya. Mtoto wa Bukama akitaka kuziona lazima apate pasipoti. Kadi tunazobadilishana wenyewe zitabaki kwetu.

Majirani zetu Warega wa Kivu Kusini na Maniema wanatuonyesha njia nyingine. Katika chama chao cha bwami, vinyago vidogo vya mti na pembe za ndovu, vingine vya kutosha kiganjani, vilikuwa alama ya cheo na mafundisho. Mtu hakuvipata kwa kupita sokoni. Vilitoka kwa mtu vikaenda kwa mtu, na aliyekuwa navyo alijua vimetoka kwa nani. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku bwami mwaka 1948, na leo vinyago vingi vya Warega viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, somo lake halikufa: kitu kidogo kinaweza kubeba uhusiano mkubwa, mradi kipite mikononi mwa watu wanaofahamiana.

Hata humu mwetu kadi ndogo si jambo geni. Fungua kitabu cha sala cha mama yeyote Mkatoliki wa jimbo la Butembo-Beni. Utakuta vipicha vya watakatifu: kimoja cha komunyo ya kwanza ya mtoto wake, kingine cha upadrisho wa mpwa wake, kingine cha kumbukumbu ya marehemu, kila kimoja na tarehe nyuma. Tunajua tayari kutunza karatasi ndogo miaka 30 kwa sababu ya mtu aliyetupa. Kilichobaki ni kuzitengeneza wenyewe.

Sasa niseme kwa nini Butembo na Beni, na kwa nini wakati huu. Miji hii imetengana kwa kilomita 54 tu, na kuna familia nyingi zenye ndugu pande zote mbili. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamefanya watu wahesabu safari kwa hofu, na yamewaondoa maelfu mashambani mwao. Wengi walipokelewa nyumbani kwa ndugu na hata kwa watu wasiowajua, ambao waligawana nao bugali na chumba. Ebola nayo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikianzia Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Kwa karibu miaka 2 tuliacha kupeana mikono. Kadi haifuti hata moja kati ya hayo. Inachofanya ni kumpa mtu sababu ya kumsogelea asiyemjua na kumwambia: hii nimetengeneza mimi, nionyeshe yako. Darasani, mtoto mgeni anayeona haya kuzungumza anaweza kuanza na hapo.

Najua wapo watakaosema: watu wana njaa, wengine hawalali kwao, wewe unatuletea michoro! Ni neno la haki. Kadi haijazi tumbo wala haileti amani, na yeyote atakayetumia kadi kama kisingizio cha kutotoa unga atakuwa amekosea njia. Lakini waliokimbia hawakukimbia na tumbo peke yake. Yuko aliyekuwa fundi seremala, yuko aliyejulikana kijijini kwa kusuka mikeka, na yuko msichana aliyekuwa wa kwanza katika somo la kuchora. Mahali walipofika wanahesabiwa kama midomo ya kulishwa. Kadi huwarudishia jina la fundi, hata kwa saa moja.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Karatasi ngumu moja ya A4 hutoa kadi 9, ukipanga tatu kwa tatu, na mabaki kidogo pembeni. Kama huna karatasi hiyo, tumia jalada la daftari lililokwisha, boksi la biskuti au kartoni ya sabuni. Kama huna rula, weka karata ya kuchezea juu yake, pitisha kalamu ya biki pembeni, kata kwa makasi. Ukubwa utatofautiana kwa milimita moja tu, na hakuna atakayelalamika.

Rangi ziko hapa kwetu. Mkaa wa jikoni hutoa weusi. Kahawa nzito hutoa rangi ya kahawia, na chai iliyokolea hutoa kahawia nyepesi. Udongo mwekundu uliochekechwa vizuri, ukachanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, hushika kwenye kartoni na kukauka bila kupukutika. Uji huohuo ukiwa mzito ndio gundi. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya jina lake. Kwa akina mama na akina baba washonaji, vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya cherehani ni hazina: ua moja la kitenge likikatwa na kubandikwa vizuri, kadi imekamilika. Maganda makavu ya mgomba yana rangi kuanzia njano hadi nyeusi, na hukatika kwa wembe kama karatasi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Hakungoja vifaa vya duka la sanaa.

Mchore nini? Choreni mnachokijua kuliko watu wa mji wa pili. Butembo wana chukudu iliyosheheni viazi ikishuka mlima, mikaratusi ya vilimani, tanuri za matofali na baridi ya asubuhi. Beni wana kakao iliyoanikwa uani na Rwenzori siku mawingu yanapofunguka. Kadi ya Butembo ikifika Beni ni habari, na ya Beni ikifika Butembo ni habari pia. Asiyejua kuchora aandike jina la bibi yake kwa herufi nzuri na kulizungushia mapambo. Hiyo nayo ni kadi.

Kuna mambo ya kuangalia. Msichore vizuizi vya barabarani, kambi wala askari. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mchoro usio na hatia unaweza kumletea mtu maswali magumu. Nyuma ya kadi ya mtoto andikeni jina la kwanza na mji tu, bila simu na bila mtaa. Msimlazimishe mtoto yeyote kuchora aliyoyaona vitani. Akiyachora kwa hiari yake, mtu mzima akae naye, amsikilize, na kadi hiyo ibaki kwake mpaka mwenyewe aamue. Msitoe zawadi kwa kadi iliyo bora, kwa maana siku mtakayoweka mshindi, wenye aibu hawatarudi.

Mkutano wenyewe ni rahisi. Tafuteni ukumbi wa parokia, darasa, uwanja wa msikiti au kivuli cha mti, mchana, mahali ambapo watu wanaweza kufika na kurudi kwao kabla ya giza. Mwarifuni mkuu wa kata mapema. Kila mtu aje na kadi 3 au zaidi, azipange mbele yake. Watu wazunguke, waulizane, wakubaliane. Asiyetaka kubadilisha kadi fulani asilazimishwe. Aliyekuja mikono mitupu apewe kartoni na mkaa atengeneze hapohapo. Ikiwezekana mkutane mara moja kila mwezi, kwa sababu mkutano mmoja huwa sherehe tu, na mazoea huja kwa kurudia.

Na kati ya miji miwili? Kadi 50 hukaa ndani ya bahasha moja. Mwalimu wa Butembo na mwalimu wa Beni wanaofahamiana wanaweza kuziunganisha shule zao: darasa moja lipeleke bahasha kwa msafiri mwaminifu, darasa la pili lirudishe idadi ileile. Mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kumruhusu kusafiri barabara hiyo atakuwa na rafiki upande wa pili, na atajua mwandiko wake.

Kwa hiyo nawaita kwa majina ya kazi zenu. Walimu, tengeni saa moja ya somo la kuchora. Wenye maduka ya fotokopi, wekeni pembeni karatasi ngumu zilizoharibika badala ya kuzichoma. Washonaji, wekeni mfuko wa vipande vya vitenge mlangoni. Wachoraji wa vibao vya maduka, nyinyi ni walimu wa sanaa mlio karibu nasi kuliko wote. Njooni muwaonyeshe vijana jinsi ya kushika brashi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben, anzisheni mkutano wa kwanza chuoni, maana ukumbi mnao. Wachungaji, mapadri na maimamu, tangazeni baada ya ibada. Madereva, bebeni bahasha ya watoto bila malipo, kwa maana ni nyepesi kuliko gazeti. Wazee, msidhani hili ni la watoto: choreni nyumba mliyozaliwa, mumpatie kijana ambaye hajaiona.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Siku ya salongo inayokuja, mkisharudisha majembe nyumbani, kateni kadi 9. Tatu wekeni kwa ajili ya majirani, tatu kwa ajili ya familia mnazozihifadhi au zinazowahifadhi, na tatu kwa ajili ya mji wa pili. Andikeni tarehe nyuma, kisha tokeni mkazibadilishane.