Kitenzi 'Kukariri' na Lawama Isiyo Yake

Kiingereza kilipolikopa neno encore kutoka Kifaransa, hakikulichukua lote. Katika Kifaransa neno hilo hubeba maana za 'bado', 'tena' na 'zaidi', na hutumika kila siku. Katika Kiingereza limebaki ukumbini, vinywani mwa watazamaji wanaomtaka mwimbaji arudie. Wafaransa wenyewe wakitaka wimbo urudiwe hupaza sauti kwa neno jingine, bis, lenye asili ya Kilatini. Aghalabu ndivyo inavyokuwa: neno la mkopo hupungukiwa maana linapovuka mpaka. Kiswahili nacho kina neno lake la mkopo lihusulo kurudia, yaani kukariri, lakini mwenendo wake umekuwa kinyume. Maana zake zimezidi kuongezeka, na mojawapo imekuwa shutuma.

Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu karrara, 'kurudia'. Katika lugha hiyo mzizi huo huo hutumika pia kwa kusafisha sukari na mafuta, kitu kinachopitishwa tena na tena hadi kitakate. Na katika elimu ya tajwidi, takriri ni sifa ya herufi Ra, ambayo ncha ya ulimi hutetemeka inapoitamka. Maana hizo mbili hazikuingia katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili. Wahakiki wa ushairi walichukua takriri kuwa istilahi ya urudiaji wa neno au kifungu kwa ajili ya msisitizo. Umma ulichukua kukariri, ukaanza kukitumikisha.

Hali ya sasa yaweza kuonekana katika eneo dogo kama Kilakala, mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, penye shule ya sekondari ya wasichana inayojulikana kwa kupokea wanafunzi wenye vipaji maalumu. Katika mazingira ya namna hiyo, msichana akikariri shairi mbele ya hadhara hupigiwa makofi. Akikariri fomula, husemwa hakuelewa. Akikariri darasa, inafahamika kwamba hakufaulu mtihani. Na akitoka nje ya lango, vijana wa mtaani watamwasa asikariri maisha, yaani asidhani kwamba mambo yatabaki kama alivyoyazoea. Yambwa ndiyo inayochagua maana. Yambwa ikidondoshwa, maana huelea: mzazi anayeambiwa kwamba 'binti yako anakariri' hana njia ya kujua kama binti huyo amerudishwa darasa au anajifunza bila kuelewa.

Katika miji ya pwani, tendo la kuweka maneno kichwani lina kitenzi chake, kuhifadhi, na kusoma bila kutazama kitabu ni kusoma kwa ghibu. Aliyehifadhi Kurani huheshimiwa. Tendo la akili ni lile lile. Likiitwa kuhifadhi hustahiki sifa, likiitwa kukariri hustahiki dharau. Hapana budi kukiri kwamba tofauti hiyo haimo katika ubongo wa mwanafunzi.

Imo wapi, basi? Sarufi yenyewe inadokeza jibu. Katika 'amekariri', mtenda ni mwanafunzi, na kosa, ikiwa lipo, ni lake. Katika 'amekaririshwa', viambishi vya usababishi na utendwa vinamdai msikilizaji aulize: na nani? Walimu na wakaguzi hupenda umbo la kwanza. Umbo la pili lina ukweli zaidi.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia mitihani inayopima uwezo wa kushika mambo na kuyatoa yanapotakiwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd waliona kwamba wanafunzi wengi hawakukimudu Kiingereza kiasi cha kuyafuata masomo yao. Hata hivyo wakapendekeza lugha hiyo iendelee, na imeendelea. Kwa miongo yote iliyofuata, kitenzi kukariri kimetumika kumlaumu mtoto kwa jambo lililoamuliwa na watu wazima.

Yamkini watunga kamusi hawawezi kuiamrisha mitaa, wala haifai wajaribu. 'Usikariri maisha' ni msemo wenye uhai wake. Lakini lugha ya ofisi yaweza kurekebishwa. 'Kurudia darasa' inatosha, na haina utata. 'Kuhifadhi' inastahili kurejeshwa darasani pamoja na heshima yake. 'Kukaririshwa' nayo iingie katika taarifa za ukaguzi, mahali panapoandikwa leo kwamba wanafunzi wanakariri. Binti aliyefundishwa usanisinuru katika shule ya msingi, akaueleza kwa maneno yake mwenyewe, jani na jua na maji, hukutana nao tena Kidato cha Kwanza ukiwa fasili ya mistari mitatu ya Kiingereza. Huimeza fasili hiyo nzima nzima, kwa kuwa mtihani unaitaka hivyo, na yale aliyoyaelewa hayaulizwi tena.