Kompyuta za zamani zisitupwe: zinatosha kufundisha watoto wa Wagenia mambo ya ndege

KISANGANI – Katika shule, parokia na ofisi nyingi za mji wa Kisangani kuna kompyuta zilizofungiwa kabatini kwa sababu zimezeeka. Zinawaka bado, lakini neno linalosemwa juu yake ni moja tu: haziwezi kitu tena. Wakati huo huo, hapa Wagenia na ng'ambo ya mto kule Lubunga, watoto wengi wanainua macho kila ndege inapopita kuelekea Bangoka. Kati yao kuna watoto wa wahami waliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu mwaka 2023, na wengine waliotoka mashariki. Vitu hivi viwili, mashine zilizolala na watoto wanaouliza maswali, vingepaswa kukutanishwa.

Kila likitajwa jambo la kufundisha vijana urubani kwa kompyuta, jibu huwa kwamba tungoje mfadhili alete mashine mpya. Jibu hilo si sahihi, na wanaolilipia ni watoto, kwa miaka yao.

Ni kweli kuna programu za kuigiza urubani ambazo mashine ya zamani haiwezi kuzibeba. Microsoft Flight Simulator iliyotoka mwaka 2020 inaomba gigabaiti 150 kwenye diski, na picha za dunia inazivuta kwa intaneti wakati ndege ikiwa hewani. Kwa mtu anayenunua megabaiti za siku moja, hiyo ni hadithi ya nchi nyingine. Lakini iko pia FlightGear, programu ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Leseni yake inaruhusu mtu kuinakili kwenye ufunguo wa USB na kumpa jirani bila kosa lolote.

Wengi hawajui kazi ya kadi ya picha ni ipi. Kadi ya picha ni sehemu ya kompyuta inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo: miti, mawingu, mto, vivuli. Haihusiki na kuruka kwenyewe. Hesabu za ndege, yaani uzito, upepo, nguvu ya injini, namna bawa linavyobeba hewa, zinafanywa na prosesa. Kwa hiyo kadi ikiwa dhaifu, kinachopungua ni uzuri wa msitu. Ndege inabaki ileile. Ukiipunguzia mwendo kupita kiasi, itaanguka kwenye kompyuta ya zamani kama inavyoanguka kwenye mpya.

Historia inasema hivyo hivyo. Mwaka 1929, Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza piano na vinanda, alijenga chombo cha kufundishia marubani. Kilikuwa cha mbao, kikiyumbishwa na mifuko ya hewa kama ile ya kinanda cha kanisani. Hakikuwa na picha hata moja. Mwanafunzi alifungiwa ndani, akaangalia saa na mishale tu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya marubani walijifunzia humo kuruka bila kuona nje. Kama sanduku lisilo na picha liliweza, kompyuta ya miaka kumi na tano inashindwaje?

Kinachotakiwa ni kuipangia kazi inayolingana na nguvu zake. Kwanza, toleo la programu lichaguliwe kulingana na kadi. Matoleo mapya yanadai uwezo wa kuchora ambao kadi za zamani hazina, lakini matoleo ya nyuma yanazikubali. Pili, ukubwa wa picha upunguzwe, hata pikseli 1024 kwa 768. Tatu, vizimwe vivuli, mawingu ya kina, miti na nyumba zinazopandwa ovyo, na umbali wa kuona ufupishwe. Nne, ichaguliwe ndege ndogo yenye mchoro mwepesi. Picha 20 hadi 30 kwa sekunde zinatosha kujifunza. Tano, mashine ifunguliwe na kupanguswa vumbi, kwa sababu katika joto la Kisangani kadi nyingi zinazoitwa mbovu zimezibwa tu pumzi.

Intaneti nayo haihitajiki kila siku. Ramani za FlightGear zimekatwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Kisangani yote, pamoja na uwanja wa Bangoka wenye alama FZIC, imo ndani ya kipande kimoja, kati ya digrii 25 na 26 mashariki na digrii 0 na 1 kaskazini. Mtu mmoja akikipakua mara moja mjini, darasa zima linakinakili.

Jambo la umeme nalo linaunga mkono mashine za zamani. Kila mkaaji wa mji huu anajua bwawa la Tshopo linavyohangaika na giza linavyoingia bila kuaga. Kadi mpya zenye nguvu zinaweza kula wati 200 au zaidi peke yake. Kompyuta ya zamani ya kubeba mkononi inakula sehemu ndogo ya hiyo, na kama betri yake bado nzima, umeme ukikatika somo halikatiki. Mashine mpya yenye njaa ya esansi ya jenereta inaweza kuwa mzigo mara tu mfadhili anapoondoka.

Somo lenyewe linaweza kuwa na faida gani? Chukua mtoto aliyetoka Goma, mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025. Mwalimu anamwambia apange safari kutoka Bangoka hadi nyumbani. Ni karibu kilomita 500 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya Cessna 172 inakwenda karibu kilomita 200 kwa saa: itatumia saa ngapi? Ikila lita 32 kwa saa, ajaze lita ngapi, na abakize ngapi za akiba? Njiani kuna msitu wa Maiko, halafu milima ya Masisi, na mbele Nyiragongo yenye mita 3,470: apande hadi wapi? Hapo kuna hesabu, jiografia na fizikia kwa pamoja. Mtoto aliyechoka kuambiwa "jifunze, utafaidika baadaye" anaiona faida siku hiyohiyo.

Kisangani pia ina sababu yake ya kuheshimu elimu hii. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka Bangoka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na watu zaidi ya 70 walikufa. Kizazi kinachoelewa upepo, mvua na kuonekana kwa uwanja ni kizazi kitakachouliza maswali ya lazima kabla ya ndege kupaa.

Wapo watakaosema wahami wanahitaji kwanza chakula, dawa na hema. Wanasema kweli, na hata faranga moja ya chakula isiguswe kwa ajili ya kompyuta. Lakini mashine hizi zimekwisha kununuliwa. Kinachokosekana ni chumba, mtu wa kujitolea na ufunguo wa kabati.

Wengine watasema ni mchezo, au ni kuwapa watoto ndoto za uongo. Hofu hiyo ina uzito, na dawa yake ni kusema ukweli siku ya kwanza: programu ya nyumbani haimpi mtu leseni ya urubani, wala saa zake hazihesabiwi kama saa za kuruka. Leseni inataka shule iliyokubaliwa, daktari na fedha nyingi. Anayewaambia wazazi vinginevyo anawadanganya, na anayewatoza pesa kwa ahadi hiyo ni mwizi.

Wavuvi wa Wagenia hawajawahi kungoja meli ya chuma ndipo wavue. Wanasimamisha miti katikati ya maporomoko, wanaifunga kwa kamba za msitu, wanashusha mitego yao, na maji yakivunja wanafunga upya. Samaki wanafika sokoni. Wakurugenzi wa shule, mapadri, wachungaji na wakuu wa ofisi wanaoshika funguo za makabati wajifunze kwa majirani hao. Wafungue, wapanguse vumbi, wajaribu mashine moja. Ikigoma, hawajapoteza kitu. Ikiwaka, watoto kumi watakuwa na somo kesho asubuhi.